Maswali ya Wasomaji: Dola Zisizoridhika Si za Kapu Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, mwalimu wetu alizitaja Ujerumani ya Hitler, Somalia ya Siad Barre na Uganda ya Idi Amin kuwa mifano ya dola zisizoridhika na mfumo wa dunia. Je, ni haki kuzitia kapu moja? Msomaji, Bukoba.

JIBU: Ndugu msomaji, zote tatu zilivuka mipaka kwa silaha, lakini hilo halitoshi kuzipanga. Kwanza tuulize dola inakataa nini: ni mstari fulani kwenye ramani, au ni utaratibu mzima unaowaongoza wengine?

Hadi mwaka 1938, ilipotwaa Austria na Sudetenland, eneo la Chekoslovakia lenye Wajerumani wengi, Ujerumani iliweza kudai kwamba inawakusanya Wajerumani tu, na London wengi walisadiki. Machi 1939 majeshi yake yaliingia Prague, mji wa Wacheki, na hapo ikadhihirika kwamba dai lile halikuwa na kikomo.

Somalia ndiyo ngumu zaidi, na binafsi ndiyo inayonivutia. Dai lake lilikuwa na kikomo kinachohesabika: pembe tano za nyota ya bendera yake, kila moja ikiwakilisha eneo la Wasomali, mbili zikiwa sehemu zilizoungana mwaka 1960, na tatu zilizobaki zikiwa Djibouti, Ogaden iliyo Ethiopia, na kaskazini mashariki mwa Kenya. Katiba ya 1960 ilitaka muungano huo upatikane kwa njia za kisheria na za amani. Hata hivyo, mwaka 1964 wakuu wa nchi za Afrika walipokubaliana mjini Cairo kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni, Somalia na Morocco zilikataa, ingawa Somalia haikujitoa katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwaka 1967 ilipatana na Kenya mjini Arusha, na miaka 10 baadaye ikaivamia Ogaden. Lengo lilikuwa lile lile, ila njia ilibadilika. Kwa hiyo lengo na njia vipimwe kila kimoja peke yake, tena kwa kipindi chake.

Kuhusu Amin, ambaye nyinyi wa Kagera mnamjua kuliko mimi, nakiri kwamba simwingizi kundini, ijapokuwa wapo watakaonipinga. Februari 1976 alidai maeneo ya Kenya na Sudan, kisha akanyamaza. Mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi lake likiwa limegawanyika kwa uasi, akavamia Kagera na kutangaza kwamba mpaka ni Mto Kagera. Dai hilo lilizaliwa kambini mwake, wala halikutokana na kinyongo cha taifa la Uganda dhidi ya mfumo wa dunia.