Mvua za baridi Cape Town: maswali yenu

Wiki iliyopita nilisimulia jinsi mvua ilivyoniamsha saa tisa za usiku, nikafungua dirisha ili niisikie vizuri. Barua zilizofuata ziligawanyika: wengine mlicheka, wengine mlinikaripia. Nawajibu wote hapa.

Dada, kwetu Tanga mwezi wa saba ni kipupwe, jua na upepo tu. Huko mvua ya Julai inatoka wapi?

Inatoka Atlantiki. Nyie mnangoja masika ya Machi na vuli ya Oktoba. Sisi huku tuko mbali mno kusini, na mvua yetu huletwa na hewa ya baridi inayosukumwa na pepo za magharibi kutoka bahari ya kusini. Miezi ya joto, mgandamizo mkubwa wa hewa hukaa baharini kama bawabu mkali, na mawingu hayo yanapita mbali bila kugusa nchi kavu. Kuanzia Mei hivi bawabu anasogea kaskazini, mlango unaachwa wazi mpaka Agosti au zaidi kidogo. Kusi pia tunayo, ila yetu huvuma kiangazi, na kazi yake ni kukausha na kuchochea moto milimani.

Mvua ni mvua. Mbona mnaipigia vigelegele kama bibi harusi?

Kwa sababu tuliwahi kukaribia kukosa hata ya kunawia uso. Mvua za 2015, 2016 na 2017 zilikuwa haba, moja baada ya nyingine. Kuanzia Februari 1, 2018, kila mtu wa Cape Town aliruhusiwa lita 50 kwa siku: kuoga, kupika, kufua, choo, vyote humo. Mamlaka zilitangaza Siku Sifuri. Mabwawa yakishuka hadi asilimia 13.5, mabomba ya majumbani yangefungwa na watu kupanga foleni kwenye vituo kama 200, kila mmoja apate lita 25. Tarehe ilisemwa Aprili 21, kisha ikarudishwa nyuma hadi Aprili 12. Hapo ndipo watu walipoanza kununua madumu kwa fujo.

Mimi nilioga nimesimama ndani ya beseni. Unajimwagia, unafunga bomba, unajisugua huku unatetemeka, unafungua tena kwa sekunde chache. Maji ya beseni, yenye povu la kijivu, hayamwagwi: yanakwenda chooni, na choo chenyewe hakivutwi kila mara. Mgeni akija unamweleza sheria za nyumba kabla hujamkaribisha chai.

Februari hiyohiyo wakulima wa upande wa Grabouw walifungulia maji ya mabwawa yao, lita bilioni 10, yakaingia bwawa la Steenbras. Wakazi nao walibana matumizi kwelikweli. Tarehe ikasogezwa Mei, Juni, Julai, na mvua za Juni zikaimaliza kabisa. Aliyeyapitia hayo, ukimwambia mvua ni mvua, atakutazama tu.

Ikinyesha siku tatu mfululizo, si mabwawa yanajaa?

Yangejaa yangekuwa mabeseni. Bwawa la Theewaterskloof peke yake huchukua lita bilioni 480, zaidi ya nusu ya mabwawa yote sita makubwa yanayotunywesha. Halafu mvua inayolowesha soko la mjini haiendi bwawani. Inaingia mtaroni na kurudi baharini. Tunayoihitaji ni ile inayopiga milima iliyo juu ya mabwawa, tena mara kwa mara, kwa sababu ardhi iliyokauka hunywa yake kwanza ndipo mito ianze kupata. Ndiyo maana huku watu hawaulizani "imenyesha?" bali "imenyesha wapi?"

Mnashangilia nini, wakati vibanda vya watu vinaelea?

Hapa umenishika, na sina utetezi mzuri. Cape Flats ni tambarare ya mchanga, na maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso. Baridi ikikolea, maji hupanda kutoka chini huku mengine yakishuka kutoka juu. Unaweza kuziba paa la bati lote kwa lami, bado asubuhi ukakuta godoro limelowa kwa upande wa sakafuni. Julai 2024 dhoruba zilifuatana bila kupumzika, na maelfu ya vibanda yaliingia maji.

Wala watu hawakujichagulia bondeni. Sheria ya makazi ya mwaka 1950 iligawa maeneo kwa rangi, na mwaka 1966 mtaa wa District Six, ulio chini kabisa ya mlima, ulitangazwa kuwa wa Wazungu. Waliohamishwa wengi walipelekwa huko mchangani. Kwa hiyo nikifungua dirisha kusikiliza mvua, nafanya hivyo nikiwa mahali pakavu. Ulivyonikaripia, nimekubali.

Miti huleta mvua. Mbona nimeona huko wanakata misonobari milimani?

Hiyo misonobari ni ya kuja, sawa na mikaratusi na miwati. Mimea ya asili, fynbos, ni vichaka vifupi visivyo na kiu kubwa. Mti mrefu uliovamia chanzo cha maji hunywa mwaka mzima, na maji yanayopotea hivyo kwenye vyanzo vya jiji hukadiriwa kufika lita bilioni 55 kwa mwaka. Kwa hapa, msumeno nao ni kifaa cha maji.

Maji ya paani yananyweka?

Yachemshe kwanza, tena acha mvua ya mwanzo ipite na kinyesi cha ndege. Mimi nayatumia chooni na kufulia. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo paa la mita 60 za mraba likipata milimita 20 limekupa lita 1,200. Kwa kipimo cha 2018, huo ni mgao wa mtu mmoja kwa siku 24, usiku mmoja tu.

Bado unaoga kwenye beseni?

Ndiyo. La zamani lilipasuka, nikanunua jingine kubwa zaidi.