Pikapu ya dizeli kuishiwa nguvu mlimani ikivuta tela

Ndugu, kama kwenye tambarare inakwenda vizuri halafu mlimani na tela inaishiwa nguvu, usikimbilie kufungua injini. Anza na filta ya dizeli. Iliyoanza kuziba hupitisha mafuta ya kutosha kwa mwendo wa kawaida, lakini mzigo ukizidi injini inadai zaidi na hayafiki.

Tazama na moshi. Ukiwa mweusi tii, mara nyingi hewa ndiyo pungufu: kagua filta ya hewa, kisha hozi za turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, moja baada ya nyingine. Injini ikishapoa, pitisha kidole upande wa chini wa hozi, pale karibu na klempu, yaani pete inayoibana hozi. Ukikuta nje pana oili, huenda pana ufa usioonekana kwa macho. Mimi ufa wa namna hiyo ulinizungusha wiki nzima.

Mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, na gia ni za mkono, klachi inateleza.

Halafu tela lenyewe: baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, usiguse. Lenye joto kuliko mengine, huenda breki yake inashika bila kuachia.