Wasomaji wanauliza: Kauboi wangu kapanda treni mwaka 1870, nimekosea wapi?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni kijana wa Morogoro, naandika hadithi ya kauboi natuma kwenye grupu la WhatsApp kila Ijumaa na watu wanaipenda kweli, ila jamaa mmoja aliyeko Marekani kaniambia sura ya tano yote ni uongo mtupu. Kwenye hiyo sura Daudi anapanda treni Chicago mwaka 1870, anakula nyama bufee, analala, kesho yake jioni yuko San Francisco. Njiani majambazi wanakuja na farasi wanarukia paa, Daudi anavuta kamba ya dharura, treni inasimama hapo hapo, anawamaliza. Huko sijawahi kufika na treni ninayoijua ni hii yetu ya Kigoma. Utafiti naanzia wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole, maana sura yenyewe naona umeiandika kwa raha zako, na pili huyo jamaa yako kakuonea kidogo, si yote ni uongo. Kosa lako kubwa ni kwamba umeandika 1870 halafu ukaisahau. Kwenye reli za zamani za Marekani magharibi mwaka ndo kila kitu, ukisogeza miaka miwili tu kinachowezekana kinabadilika, kwa hiyo usianze kutafuta picha za vichwa vya treni kama wanavyofanya wengi, anza na mwaka na ratiba.

Reli ya mashariki na ya magharibi zilikutana Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, kwa hiyo Daudi wako anasafiri kwenye kitu kipya kabisa, mwaka mmoja tu. Akitoka Chicago anafika Council Bluffs, ukingoni mwa mto Missouri, na hapo anashuka na mizigo yake yote kwa sababu daraja hakuna, daraja la Omaha lilifunguliwa 1872. Anavuka kwa pantoni, matope, watu wanasukumana, watoto wanalia, halafu Omaha, Nebraska, anapanda treni ya kampuni ya Union Pacific. Akifika Ogden anabadilisha tena, anaingia ya kampuni ya Central Pacific mpaka California, na San Francisco yenyewe anaiingia kwa boti kutoka ng'ambo ya Oakland. Omaha mpaka Sacramento peke yake ni zaidi ya kilomita 2,800 kwa mwendo wa wastani wa kama kilomita 30 kwa saa, hizo ni kama siku nne mchana na usiku, ukiongeza kipande cha kutoka Chicago unapata siku tano sita hivi. We umempeleka kwa siku mbili! Hata ile treni maalumu ya Juni 1876 iliyoandikwa magazeti yote kwa mbio zake ilitumia saa 83 na dakika kadhaa kutoka New York mpaka San Francisco, na hiyo ilikuwa ya maonyesho, si ya kina Daudi.

Bufee futa. Mabehewa ya chakula yalishaanza kule Illinois 1868 lakini abiria wa kawaida wa njia hii alikula stesheni, treni inasimama kama dakika 20 au 30, watu wote wanakimbilia chumba kimoja, unalipa kama dola moja, unameza nyama na maharage ya moto yanakuunguza ulimi huku unasikilizia kengele. Hili unalijua mwenyewe kama umewahi kushuka Saranda kununua kuku huku roho iko juu treni isikuache. Iandike hiyo roho juu, wala huhitaji kwenda Nebraska.

Sasa kamba. Kamba ilikuwepo, imepita juu ya vichwa vya abiria mpaka kwa dereva, lakini haikufunga breki, iligonga kengele tu. Dereva akiisikia anapiga honi fupi moja, halafu wafanyakazi wa breki wanakimbilia vibaraza vya wazi vya mwisho wa mabehewa, usiku, barafu, upepo, wanazungusha magurudumu ya chuma kwa mikono, behewa moja baada ya jingine. Breki ya upepo ya Westinghouse ilipata hataza 1869 na ilichukua miaka mingi kuenea. Kwa hiyo Daudi akivuta kamba, treni inaendelea na safari kwanza, na hapo katikati, mdogo wangu, ndo kuna kurasa tatu za hadithi ambazo we umezifunga kwa sentensi moja.

Majambazi wa farasi ni wa sinema. Tukio la kweli la karibu na mwaka wako ni la Verdi, Nevada, Novemba 1870, tena usiku. Watu walipanda treni, wakamshika dereva, wakakata mabehewa ya abiria wakayaacha nyuma gizani, wakaondoka na injini na behewa la vifurushi lenye sarafu za dhahabu za zaidi ya dola 40,000. Abiria wamekaa tu wanajiuliza mbona tumesimama. Wengi wa hao wezi walikamatwa ndani ya siku chache.

Na saa yake ya mfukoni je? Kabla ya 18 Novemba 1883 kila mji ulikuwa na saa yake kwa jua lake, saa ya Omaha si ya Sacramento, kwa hiyo usimwandikie “saa nne kamili” kama vile nchi nzima ilikubaliana.

Pa kutafutia: Maktaba ya Bunge la Marekani ina magazeti ya zamani mtandaoni bure, andika jina la mji na mwaka utakutana mpaka na matangazo ya nauli. Kitabu cha ratiba za reli kilitoka kila mwezi kuanzia 1868, nakala zake zimeskaniwa. Angalia na picha za Andrew J. Russell aliyepiga Union Pacific ikijengwa. Na usisahau watu weusi waliokuwa wahudumu kwenye mabehewa ya kulala ya kampuni ya George Pullman, wengi walitoka utumwani juzi tu, abiria wakiwaita wote “George” kwa jina la tajiri wao. Nat Love, kauboi mweusi wa kweli, aliishia kufanya kazi hiyo hiyo.

Halafu kuna hili. Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Uskoti, alipanda treni ya wahamiaji 1879, akasimulia kwamba pale karibu na Council Bluffs kuna mtu aliwauzia ubao na mito mitatu ya majani, bei ilianza dola 2.50, treni ilipokaribia kuondoka ikashuka mpaka 1.50. Ubao unatandikwa juu ya mabenchi mawili, na unalala na mtu usiyemjua. Ukisogeza hadithi mpaka 1879 unapoteza pantoni lakini unapata huo ubao, chagua mwenyewe. Mimi ningechukua ubao, na huyo wa kulala naye ndo ningemfanya jambazi.