Rekodi ya Mayweather na pambano la McGregor
Je, pambano la bondia Floyd Mayweather dhidi ya Conor McGregor linahesabika kwenye rekodi ya Mayweather ya ngumi za kulipwa? Linahesabika, kwa sababu pambano lile la tarehe 26 Agosti 2017 lilisimamiwa na kamisheni ya michezo ya jimbo la Nevada, Marekani, kwa kanuni kamili za ngumi za kulipwa, na mwamuzi alipolisimamisha katika raundi ya 10 Mayweather akafikisha ushindi wa 50, ingawa McGregor, bingwa wa mapigano mchanganyiko, ndiyo kwanza alikuwa anapanda ulingo wa ngumi za kulipwa. Mimi naona athari kubwa zaidi ya mapambano ya aina hii iko kwenye viwango vya ubora wa mabondia: Oktoba 2023 Francis Ngannou, naye mpiganaji wa mapigano mchanganyiko, alimwangusha Tyson Fury, aliyekuwa bingwa wa WBC (Baraza la Ngumi Duniani) wa uzito wa juu, raundi ya 3, akashindwa kwa pointi, na bado WBC ikamwingiza kwenye kumi bora ya uzito wa juu. Mkanda wa Fury, hata hivyo, haukugombewa siku hiyo.