Usonji: msaada wa serikali unaanzia wapi Tabora?

Dada wa Urambo, umeuliza uanzie wapi kupata msaada wa serikali kwa mwanao unayehisi ana usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano). Mtoto wa miaka 4 asiyeongea wala kugeuka akiitwa hasubiriwi "atachangamka tu". Anzia zahanati, uombe rufaa ya maandishi hadi Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Apimwe masikio kwanza. Asiyesikia hufanana sana na mwenye usonji. Beba kadi ya kliniki na video ya dakika 2 akicheza nyumbani, maana mbele ya daktari watoto wengi hujikunyata.

Majibu yakitoka, nakala mpelekee afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha afisa elimu maalumu, kabla ya uandikishaji wa darasa la awali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa haki ya kusoma.

Akipata degedege, hospitali siku hiyohiyo. Dawa ya kuponya usonji haipo; anayekuuzia, mkwepe.