Nifunge meza ya mitumba nikahubiri?

Wapendwa Bwana Yesu asifiwe. Mwezi huu maswali yamejaa kuliko nafasi niliyopewa, na mengi yanazunguka neno moja tu, kumpenda Mungu kwa moyo wote, ila kila mtu analivutia upande wake. Nimechukua matatu. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana lilinikosesha usingizi, mengine nimeenda mbio kidogo, wenyewe msininunie.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba hapa Memorial Moshi, nguo za watoto na mashati ya kiume. Nimeokoka 2021. Kwenye kikundi chetu cha maombi kuna mtumishi anasema mtu aliyempa Mungu moyo wote hawezi kushinda sokoni anaita "mashati buku buku" wakati roho za watu zinapotea, eti nifunge meza nimtumikie Mungu moja kwa moja. Nimejaribu kuhubiri palepale mezani, wateja wanasepa. Mume wangu hataki hata kusikia habari ya kufunga meza. Naona kama nampa Mungu nusu nusu. Nifanyeje? Mama wa Memorial.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo. Nianze na huo mstari wenyewe maana ndio unaokupiga. Kumbukumbu la Torati 6:5 inasema umpende Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote, na kwa roho yako yote, na kwa nguvu zako zote. Watu wengi tukisoma "moyo" tunawaza machozi na mikono juu, ila kwa Waebrania moyo ni mahali mtu anapofikiri na kuamua, kwa hiyo ule uamuzi wako wa saa kumi na mbili asubuhi unapofungua belo nao umo humo humo. Na hilo neno "nguvu", walimu wa Kiyahudi wa zamani walilieleza kwamba ni mali yako, yaani hela yako. Sasa wewe mali yako iko wapi kama sio kwenye hiyo meza? Alafu shuka mstari wa 7 uone maneno hayo yanatakiwa yasemwe wapi: ukiwa umekaa nyumbani, ukiwa njiani, ukilala, ukiamka. Sijaona hapo paliposema uache kazi kwanza.

Huyo mtumishi wenu sina shida naye, pengine roho inamuuma kweli kwa ajili ya watu. Ila nenda Matendo 16 ukakutane na mfanyabiashara mwenzako, Lidia, mtu wa Thiatira, muuza nguo za rangi ya zambarau kule Filipi. Bwana akamfungua moyo, akabatizwa yeye na nyumba yake, akawakaribisha kina Paulo kwake kwa kuwashikilia kweli kweli, na Paulo na Sila walipotoka gerezani walipitia kwake wakawakuta ndugu wako pale. Sasa tafuta mstari unaosema Paulo alimwambia afunge duka, mimi nimetafuta mpaka nimechoka. Paulo mwenyewe Korintho alikuwa anashona hema na Akila na Prisila, Matendo 18, na Wathesalonike anawakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu.

Na hapa kwetu Kilimanjaro nani aliyeibeba injili? Tunapenda kutaja wamisionari Wajerumani wa Leipzig waliofika Machame 1893, sawa, waliteseka na tunawashukuru. Lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, 1920, Wajerumani wale waliondolewa na serikali ya Waingereza, na mpaka walipoanza kurudi katikati ya miaka ya 1920 shule na ibada mlimani zilibebwa zaidi na walimu Wachagga wenyewe, wenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, na migomba yao na ng'ombe zizini, anafundisha asubuhi jioni anakata majani. Walutheri wa Marekani walikuja kusaidia ila walikuwa wachache mno, hawakuweza kufika kila mtaa. Kama wale walimu wangesubiri waachane na jembe kwanza ndio wahubiri sijui leo tungekuwa tunasali wapi.

Sasa hilo la wateja kusepa. Samahani mwanangu, hata mimi ningesepa. Nimekuja kutafuta shati la mtoto la shule, nina elfu mbili, jua linawaka, halafu unaanza kuniambia habari za moto wa milele na mkono umeshika shati langu, nitafanyaje? Nikuambie kitu kilichonitokea hapo hapo Memorial. Nilikwenda kununua koti, kuna harusi ilikuwa inakuja, nikiwa na rafiki yangu mmoja ambaye kanisani alishaacha kwenda miaka mingi baada ya kugombana na wazee kwa ajili ya michango. Nikapata koti zuri la kijivu, nimeshalivaa, nimeshajiona kwenye kile kioo kilichopasuka kona, nahesabu hela. Yule mama akanigeuza, akainua kola, akasema "Baba subiri, hapa pana matundu mawili ya nondo, wewe huwezi kuyaona ila atakayekaa nyuma yako atayaona", akanipunguzia elfu tano bila mimi kuomba na akanionyesha fundi wa kuyaziba. Basi. Hakusema haleluya wala nini. Tumefika stendi yule rafiki yangu ananiuliza, "hivi yule mama anasali wapi?" Mwanangu, yule bwana nimemhubiria mimi miaka na miaka, kwenye misiba, kwenye mbege, kwenye simu, hajawahi kuniuliza mimi nasali wapi! Nisikudanganye, hajarudi kanisani mpaka leo. Lakini swali ameuliza, na 1 Petro 3:15 inasema tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu. Atuulizaye. Sasa ataulizaje kama hajaona kitu?

We unajua vizuri kuliko mimi zile mbinu, shati lina doa unakunja upande wa doa unaingiza ndani, zipu mbovu unaifunga nusu unaning'iniza juu, mteja akirudi "mama hapa hatubadilishi". Kumbukumbu 25:13 inakataza mawe mawili ya kupimia kwenye mfuko mmoja, kubwa na dogo, na sokoni mawe mawili ndio hayo hayo. Anzia hapo wiki hii. Kila kasoro unayoiona ionyeshe kabla mteja hajatoa hela, utapoteza hela kidogo mwanzoni, sitakuficha. Na jirani yako wa meza akiwa mgonjwa msimamie meza yake umpelekee hela yake kamili jioni. Akikuuliza, ndio umwambie, na usimpe mahubiri ya saa nzima, mwambie ulikuwaje kabla ya 2021 na Yesu amekufanyia nini, dakika tatu zinatosha. Yule mtu wa Wagerasi aliyetolewa pepo, Marko 5, aliomba kabisa aondoke na Yesu, akakataliwa! Akaambiwa rudi nyumbani kwa watu wa kwenu ukawaambie mambo makuu aliyokutendea Bwana.

Nisiseme kwamba hakuna wanaoitwa kuacha vyote. Wapo, Petro aliacha nyavu. Ila wito wa namna hiyo hauji kwa kusukumwa na mtu mmoja kwenye kikundi. Matendo 13 manabii na walimu wa kanisa la Antiokia walifunga wakaomba ndipo wakawatuma Barnaba na Sauli. Kama moto huo unao kweli kaa na mume wako, kaa na mchungaji, hesabu ada ya watoto watatu na marejesho ya kikoba, Yesu mwenyewe Luka 14:28 kasema mtu akitaka kujenga mnara akae kwanza ahesabu gharama. Na mume akisema bado, sio shetani huyo, ni mume.

SWALI: Mwalimu salama? Niko Kijenge Arusha. Mume wangu kaokoka miaka miwili sasa na nashukuru maana pombe kaacha. Ila yuko kanisani siku tano kwa wiki, mishahara miwili mfululizo kachangia spika mpya, mtoto karudishwa shule kwa ajili ya ada, na mama yake mzazi huko Meru dawa ya presha imekata. Nikisema ananisomea habari ya mjane aliyetoa senti mbili, eti alitoa vyote. Nitamjibuje? Mke mwenye imani.

JIBU: Salama dada yangu. Mwambie arudi nyuma mistari minne tu. Marko 12:40, kabla mjane hajafika kwenye sanduku la sadaka, Yesu anawakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wanasali sala ndefu. Mimi huwa nasoma hivyo viwili kwa pamoja, na nikivisoma pamoja siwezi tena kumtumia yule mama kumkamua mtu. Halafu mpeleke Marko 7:9 mpaka 13, habari ya Korbani. Mtu alikuwa anasema mali hii nimeshaiweka wakfu kwa Mungu, kwa hiyo baba na mama sitawasaidia, na Yesu akawaambia mnalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yenu. Dawa ya presha ya mama mkwe haijapishana hata kidogo na hiyo habari. Na 1 Timotheo 5:8 ni kali mpaka naogopa kuiandika, mtu asiyewatunza wa kwake, hasa wa nyumbani mwake, ameikana imani.

Ila usimpige nayo mbele ya watoto, wala usimsubiri nje ya kanisa mbele ya wanakwaya. Mwanaume aliyetoka kwenye pombe anajaza lile shimo kwa kitu, kajaza kwa kanisa, mshukuru kwanza kwa hilo na umaanishe. Kisha kaeni na karatasi, andikeni mshahara, fungu la kumi, ada, dawa ya mama, kodi, chakula, mwone kinachobaki ndicho cha spika. Akikataa karatasi, waiteni wasimamizi wenu wa ndoa, ndio kazi waliyoapa kuifanya, sio kula ubwabwa wa harusi tu. Mambo ya spika yenyewe nisiyaingie sana, ingawa mimi ni mzee na kanisa la jirani yangu linaanza kujaribu maiki saa kumi na moja alfajiri, moja mbili, moja mbili.

SWALI: Shikamoo mwalimu, mi ni bodaboda Usa River, pikipiki yangu nimeandika YESU NI BWANA kwa nyuma. Mzee wangu yeye hataki kabisa, nikimwambia aokoke ananijibu dini yenu ilikuja na bunduki, tunaishia kugombana. Nimshuhudieje?

JIBU: Marahaba kijana. Kwanza mzee hajatunga. Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, hapo hapo juu yako, na majeshi ya Wajerumani yalikuja kulipiza kisasi kwa Wameru na Waarusha, watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa. Misheni ilirudi baadaye, 1902, Nkoaranga. Kwa hiyo anaposema bunduki kuna kitu alikisikia kwa baba yake, na wewe unamjibu kwa kupandisha sauti. Acha. Muombe akusimulie habari za Akeri mpaka mwisho, usimkatize, na pale Wajerumani walipokosea sema walikosea, Yesu hahitaji uwatetee.

Siku nyingine, sio siku hiyo, msimulie yule towashi wa Kushi kwenye Matendo 8, mwafrika aliyebatizwa njiani akienda zake anafurahi, hakuna mzungu wala askari, ni Filipo tu amepanda gari lake, karibu kama abiria wako. Na hiyo stika ya nyuma ya pikipiki, mzee anaisoma kila unapoondoka nyumbani, sasa kama unaondoka umemjibu vibaya unafikiri anasoma nini pale? Jumamosi hii usiende na Biblia. Nenda na mzigo wa majani ya ng'ombe nyuma ya hiyo pikipiki, na sukari usisahau.