Jibu: Hoki ya barafu ukiwa na miaka 50, inawezekana?

Mkuu, huyo mzee wa kijiweni kwenu Ngamiani aliyewaambia kuna mtu alicheza hoki ya barafu akiwa na zaidi ya miaka 50 hajawapiga kamba. Gordie Howe wa Kanada alicheza NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, mpaka 1980, akiwa na miaka 52. Alianza Detroit 1946, akastaafu 1971 kifundo cha mkono kikimsumbua, halafu 1973 akarudi uwanjani kule Houston, timu moja na wanawe wawili, Mark na Marty! Yaani ni kama baba na watoto wote wavae jezi ya Coastal Union, timu ya soka ya Tanga, pale uwanja wa Mkwakwani.

Ila usidhani wanakimbia dakika tisini. Mchezaji anakaa kwenye barafu kama sekunde 45 hivi, anatoka anahema, mwenzake anaruka ndani, kisha zamu yake inarudi. Hata hivyo, Howe ni wa peke yake. Wengi arobaini hawaigusi.